Nuwa Thembo na Ufunguo wa Siku ya Sabato

Wapendwa waombolezaji, wachungaji na wazee wa kanisa, majirani wa Kitswamba na ninyi mliopanda magari alfajiri kutoka Bwera, familia inawaomba mkae, na wale walioko nyuma ya turubai wanaonong'ona wanyamaze kidogo, kwa kuwa hayo wanayoyanong'ona yamo humu na yatafikiwa kwa zamu yake. Historia hii imetungwa na familia nzima ikiwa imekaa pamoja, inasomwa na Semu, mdogo wa marehemu, na haikufupishwa, ingawa wapo waliotushauri tuifupishe.

Marehemu Nuwa Thembo alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 hapa hapa Kitswamba, akiwa wa tano kati ya watoto wa kiume wa Mzee Eridadi na Mama Edisa, kama jina lake la Thembo linavyosema, na tangu utotoni alijulikana kuwa mtu asiyeamini upesi, maana alipopewa kikombe cha maziwa alichungulia ndani kwanza, kisha akauliza nani amekunywa kabla yake. Mama yetu alikuwa akicheka na kusema kwamba mtoto huyu atazeeka bila kuibiwa hata sindano, na kweli hakuibiwa, ila kutoibiwa nako kulimgharimu, kama mtakavyosikia.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaenda sekondari mjini Kasese, ambako alisoma miaka miwili tu, kwa sababu pamba ya baba ilikataa msimu ule na ada haikupatikana. Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Kasese, enzi zile za kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole, akajifunza kusoma maandishi kinyumenyume kama yanavyokaa kwenye chuma, na mkewe alikuwa akimtania kwamba tangu wakati huo hakuwahi tena kusoma kitu chochote kwa uso wake, kila neno aliloambiwa aligeuza aone mgongoni limeandikwa nini.

Alifunga ndoa na Yudesi Masika Jumapili tarehe 20 Desemba 1981 katika kanisa la Waadventista, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jonan aliyezaliwa mwaka 1983, Evas aliyezaliwa mwaka 1986 na Sylivia aliyezaliwa mwaka 1991, wote wako hapa mbele yenu. Alikuwa mume mwema na baba mwenye kulea, alikuwa mzee wa kanisa aliyeshika Sabato bila mchezo, na Ijumaa jua likianza kuinamia upande wa Kongo hata mteja awe amelia machozi, mlango wa duka ulifungwa.

Duka hilo la chapa alilifungua tarehe 12 Februari 1990 mjini Kasese, na tarehe 4 Juni 2012 akalihamishia Bwera, karibu na njia ya mpakani, kwa sababu huko ndiko wafanyabiashara wa Butembo na Beni walikokuwa wakitafuta kazi za kuchapisha. Mwezi mmoja kabla ya kuhama, tarehe 7 Mei 2012, alinunua kutoka Kampala ile mashine ambayo wengi wenu mmeijua kwa kazi yake hata kama hamkuiona, printa ya bahasha inayorusha wino kwa matundu madogo madogo, ambayo unaipa bahasha tupu upande mmoja nayo inazitoa upande wa pili zikiwa na majina, kila moja na jina lake. Bahasha za zaka za makanisa yote kuanzia Kinyamaseke hadi mpakani, kadi za harusi, bahasha za rambirambi, zote zilipita humo, na ukipokea bahasha yenye jina lako lililochapwa vizuri hivyo, hata kama hukupanga kutoa kitu, unaona haya kuirudisha tupu.

Mashine ilikuwa ya mkono wa pili, na fundi aliyeiuza alimwambia wazi kwamba ule mpira unaofunika vichwa vya wino umechoka, kwa hiyo vichwa visikae siku nzima bila kutoa wino wala kupanguswa, hasa kwa vumbi la huku kwetu na vumbi la karatasi za bahasha, la sivyo matundu yatakauka na siku moja atakuja kulia. Marehemu alisikiliza, akamshukuru, na moyoni akaamini kwamba fundi anataka tu kuitwa kila mara aje alipwe. Hata hivyo aliitunza mashine ile kuliko kitu kingine chochote, aliifagia kwa brashi laini kila asubuhi, alipangusa magurudumu ya kuvutia bahasha, alizikunjua bahasha zilizopinda kwa unyevu wa mvua ili zisiingie mbili mbili, na vichwa vya wino alivipangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa maji safi, kwa kwenda upande mmoja tu, hakurudisha mkono.

Lakini Sabato hakuigusa, wala hakuruhusu mtu aiguse, na neno hili ndilo la kwanza alilomwambia Anselme Muhindo alipomwajiri mwezi Julai 2012. Anselme alikuwa kijana wa Butembo, Mkatoliki, aliyevuka mpaka na nguo alizovaa pamoja na mkewe Geneviève aliyekuwa mjamzito, na marehemu aliwapa chumba cha nyuma ya duka walale humo, si kwa kuwa aliwaamini, bali kwa kuwa wezi wa nje aliwashuku zaidi. Akamfundisha kazi yote, akamwonyesha jinsi ya kushika kitambaa, na huku akimfundisha alikuwa akimtazama vidole.

Sasa Sabato zikapita, na kila Jumapili asubuhi marehemu akiwasha mashine inachapa safi, herufi zimejaa, hazina ule mstari mweupe unaopita katikati ya neno pale tundu moja linapoziba. Yeye aliyekumbuka onyo la fundi aliona jambo hili si la kawaida, na Agosti 2013, kwenye makambi ya kanisa, alisimama mbele ya umati akatoa ushuhuda kwamba mashine yake inashika Sabato pamoja naye, na Bwana mwenyewe anailindia wino wake usikauke. Ushuhuda ule ulipendwa mno, ukarudiwa makanisani hadi ng'ambo ya mto wa mpakani, watu wakaja dukani kuitazama mashine, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, akaanza kuifunika kwa kitenge kipya kila Ijumaa jioni kana kwamba anamlaza mtoto.

Wakati ule ule alikuwa na jambo jingine lililomsumbua, nalo ni kwamba kila Jumapili wino ulikuwa umepungua kidogo kuliko alivyouacha, sifongo ya kunyonyea wino uliomwagika ilikuwa na ubichi, na kitenge kilikunjwa vizuri lakini si kwa mkono wake. Basi akajua kuna mwizi, na akajua mwizi ni nani. Familia inasema haya kwa kumpenda, kwamba ndugu yetu aliishi miaka na muujiza mkono wa kulia na mwizi mkono wa kushoto, hata siku moja asiikutanishe mikono hiyo miwili.

Alianza kuweka mitego, akafunga uzi mwembamba kwenye kitenge, Jumapili akaukuta umekatika, akapaka chaki pembeni mwa kifuniko, akaikuta imefutika. Hakumwuliza Anselme kwa sababu alijua atadanganywa, na hakumwuliza Jalia, yule mama Mwislamu anayeuza chai na chapati mlango wa pili, kwa sababu alishuku kwamba Jalia naye analipwa ili anyamaze. Halafu siku moja kwenye harusi ya Kinyamaseke akapokea bahasha iliyochapwa na mtu mwingine, yenye ule mstari mweupe katikati ya jina, ambao mashine yoyote duniani ikiziba tundu inautoa, naye akautazama mstari ule akaona ni ushahidi kamili kwamba Anselme anachapia watu bahasha kwa siri siku ya Bwana.

Jumapili tarehe 5 Machi 2017 alimfukuza kazi mbele ya watu, akamtoa chumbani na mkewe na watoto wake wawili, kisha akampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na mbele ya baraza Anselme alipoulizwa kama aliigusa mashine siku za Sabato alisema neno moja tu, "Niliigusa." Alipoulizwa alikuwa anafanya nini nayo, alinyamaza, akatazama chini, wazee wakaona wamemaliza, na kuanzia siku hiyo akaitwa mwizi sokoni na njiani, akawa anaamka kwenda Kasenyi kununua samaki na kuwarudisha Bwera kwa bodaboda, na wako waliokataa kununua hata samaki wake.

Juma la kwanza baada ya Anselme kuondoka mashine ikatoa mstari mweupe mmoja, juma la pili ikatoa miwili, na kufikia Juni majina ya watu yalikuwa yakitoka yamekatika vipande, mashine ikakohoa wino, ikanyamaza. Marehemu hakusita, alisema Anselme ameiwekea kitu kabla ya kuondoka, akatangaza hivyo hata kanisani, na tarehe 20 Juni 2017 akamwita fundi kutoka Kampala aje atoe hicho kitu mbele ya mashahidi. Fundi akafungua, akamulika kwa tochi, akakuta vichwa vimekauka vikawa vigumu, basi, hakuna kingine, akauliza ni nani aliyekuwa akivilowesha siku za kupumzika miaka yote hiyo, maana kwa mpira uliochoka namna ile mashine isingemaliza mwaka. Watu wakatazamana, na Jalia aliyekuwa amesimama mlangoni na birika lake akasema, "Mzee, si ile Mkongo ilikuwa inapangusa kila Sabato? Ikishika kitambaa na maji safi, inatoa bahasha mbili tatu, inafunika, inatoka. Mimi nilijua ni wewe umeituma."

Wale waliokuwepo wanasema marehemu alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, mpaka fundi alipofunga masanduku yake. Katika saa ile moja alipoteza mwizi wake na muujiza wake pamoja, na familia inaona wajibu kusema kwamba kupoteza muujiza ndiko kulikomuuma zaidi.

Nyumbani alikonda, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2015 nao ukamzidia, na kwa wiki nyingi hakwenda kwa Anselme, kwa sababu tabia haibanduki kwa siku moja, akaanza kuushuku hata wema wenyewe, akimwuliza mkewe usiku na mchana mtu anatafuta nini hasa anapomfanyia mwenzake jambo kama hilo kwa siri, anataka duka, anataka binti, anataka nini. Yudesi akachoka, akamwambia, "Nenda ukamwulize, mimi si yeye," na mwezi Septemba akaenda, akamkuta Anselme sokoni na kapu la samaki, Geneviève akiwa pembeni amembeba mtoto. Yaliyosemwa pale yalisikiwa na nusu ya soko, kwa hiyo si siri. Marehemu alimwuliza kwa ukali, "Wewe ulifanya kazi Sabato na mashine yangu?" na Anselme akajibu, "Patron, mashine haiyuwe Sabato, ile iko na kiu tu. Juma ya kwanza niliona kichwa yake inakauka, nikasema nitaisaidia kidogo, nitakwambia. Kisha ukasimama mbele ya batu bote ukasema ni Mungu. Sasa mimi ningesema nini? Niseme muzee iko mwongo?"

Marehemu akauliza mbona basi hakujitetea hata mbele ya baraza, na Geneviève ndiye aliyejibu kwa hasira yake yote aliyoibeba tangu Machi, akasema, "Alikuheshimu wewe, na sisi tukalala inje." Ndugu yetu hakuwahi kuisahau sentensi hiyo, aliirudia mara nyingi kitandani, na familia inaisoma hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza isomwe, ili kila aliyemwita Anselme mwizi aisikie kwa masikio yake.

Sabato ya tarehe 30 Septemba 2017 alisimama kanisani akaufuta ushuhuda wake, jambo ambalo wazee wengine walimsihi asilifanye, wakisema ushuhuda ule umesaidia roho za watu, naye akasema alimpa Bwana sifa za kazi ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza, na Bwana hahitaji sifa za wizi. Aliumia kusema hivyo, na wengi walilia, ingawa wapo pia waliokunja uso na hawajaukunjua hadi leo.

Alinunua vichwa vipya, akamrudisha Anselme, ila sasa pakawa na fundo, kwa kuwa mashine lazima iloweshwe siku ya Sabato, na yeye hawezi kumiliki mashine inayofanya kazi Sabato, wala hawezi kumwajiri mtu aifanyie. Akafikiri siku kadhaa, ndipo Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2017, jua likiwa linashuka, akamwita Anselme, Yudesi na Jalia kama mashahidi, akatoa ufunguo wa duka shingoni alikokuwa akiuvaa, akamwekea Anselme mkononi na kusema, "Kuanzia sasa mpaka jua la kesho linazama, hii mashine ni yako, si yangu, mimi siijui. Jua ikizama unaniletea." Nasi tulicheka, mchungaji naye alicheka, lakini wao wawili hawakucheka, na kila Ijumaa tangu hapo ufunguo ulivuka mikono, na kila Jumamosi jua lilipozama Anselme alibisha hodi nyumbani akaurudisha, hakuchelewa hata mara moja, na marehemu aliupokea, akautazama pande zote mbili, akauvaa.

Mwezi Machi 2019 alipatwa na kiharusi upande wa kushoto, akalazwa, akarudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, akaendelea kwenda dukani kukaa na kushuku bahasha. Ijumaa tarehe 15 Novemba alikabidhi ufunguo kama kawaida, Anselme akamwachia samaki aliowapata Kasenyi, familia yote ikala samaki wale, Yudesi alikula, Sylivia alikula, na huyu anayesoma alikula kichwa cha samaki mmoja, mnamwona amesimama. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2019, saa nane mchana, baada ya kurudi kanisani, kiharusi kikampiga mara ya pili, na kabla gari halijafika hospitali ndugu yetu alikuwa ametutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Madaktari wamesema ni kiharusi, wameandika ni kiharusi, kwa hiyo maneno ya samaki na ya sumu yanayozunguka huko nyuma ya turubai familia inayakataa leo mbele ya jeneza, na mwenye ushahidi aje mbele, nafasi ipo.

Mnaosema kwamba siku ile mashine ilikuwa mikononi mwa Anselme mnasema kweli, ilikuwa mikononi mwake, kwa mapenzi ya mwenyewe. Jua lilipozama Jumamosi ile Anselme alikuja na ufunguo kama ilivyo desturi, hakuwa amepata habari, akakuta uwanja umejaa watu na vilio, vijana wakamzuia langoni wakimwita kwa majina tusiyoweza kuyatamka hapa, naye akabaki amesimama na mkono ameunyosha, ufunguo kiganjani, hajui ampe nani. Yudesi akatoka ndani, vijana wakampisha, akaufunga mkono ule kidole kimoja kimoja mpaka ufunguo ukafunikwa, na kusema kwamba mwenye kupokea amelala kabla ya jua kuzama, kwa hiyo neno lake la Ijumaa bado linasimama. Mjane na watoto wote watatu wamekubaliana hivyo, mashine ni ya Anselme, Jonan amesaini wa kwanza, na bahasha za rambirambi mlizoshika mikononi mwenu, Anselme ndiye aliyezichapa jana, tazameni kama mtaona mstari mweupe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa muda wote, washiriki wa kanisa, majirani wa Bwera na wa Kitswamba, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja mwenyewe kumwomba Anselme radhi, Mama Jalia kwa chai ya waombolezaji na kwa kufungua kinywa chake siku ile, wateja wake wa pande zote mbili za mpaka, na Geneviève, ambaye tunajua hajasahau, na hatumwombi asahau. Wakati wa kutupa udongo, baada ya mjane na watoto, familia inamwita Anselme Muhindo, na tunaomba apishwe njia.

Nuwa, mwana wa Eridadi, usigeuke kutazama nyuma, duka limefungwa, vichwa vimeloweshwa, kitenge kimetandazwa na mkono unaoujua. Pumzika kwa amani, ufunguo usiudai tena.